Tangazo la Msiba wa Mama Duke

Masese ana chumba cha kazi ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na wateja wengine humlalamikia kwamba anauliza maswali mengi mno. Mtu humwendea akitaka atengenezewe programu ya simu, labda ya kliniki, labda ya chama cha akina mama wauza mboga, naye kabla hajagusa kompyuta huanza: neno hili atakayelisoma ni nani? Na akishalisoma, atalifanyia nini? Wapo wanaochoka wakaenda kwa vijana wengine walio wepesi zaidi. Yeye hawafuati.

Hakuzaliwa na utaratibu huo. Kuna wakati alikuwa mwepesi kama moto wa nyasi kavu, na kazi yake ya kwanza ya maana, ile aliyolifanyia kanisa la nyumbani kwao, ndiyo iliyompunguza mwendo.

Siku hizo alikuwa ametoka chuoni karibuni. Alikaa kwa wazazi wake nje kidogo ya Mosocho, na kila asubuhi alishuka mjini kufanya kazi na rafiki yake Okinyi, kijana wa Oyugis aliyesoma naye darasa moja. Kazi zenyewe zilikuwa za kuokoteza. Hapa wanarekebisha simu, pale wanamchapia mtu barua ya kuomba kazi. Kwa hiyo Josiah, mzee wa kanisa lao, alipomshika kiwiko Sabato moja baada ya ibada, Masese alimsikiliza kwa masikio yote mawili.

"Watu wetu wanazikana bila kujuana," alisema Josiah. Alikuwa mwalimu mstaafu, na bado alizungumza kama mtu mwenye chaki mkononi. "Msiba unatokea Jumapili, mtu anausikia hapa kanisani Sabato, na marehemu alishazikwa Alhamisi. Unajua kwetu usipoonekana mazikoni watu hawasahau. Wewe si ulisomea hizi kompyuta? Tufanyie kitu."

Masese alikipokea kitu hicho kwa mikono miwili. Alibuni programu ambayo ingetuma matangazo ya kanisa kwa waumini wote kwa mpigo: misiba, harusi, mazoezi ya kwaya. Kila mtu angepata ujumbe mfupi, na mwenye simu ya intaneti angebonyeza mahali fulani ili tangazo zima limfungukie. Yeye Masese, akiwa msimamizi, angeona nani amelifungua na saa ngapi. Hilo la mwisho hakuna aliyemwomba. Alilitia kwa sababu aliweza, na alilionea fahari kuliko mengine yote.

Kukusanya namba za waumini kulimchukua muda. Alikaa nje ya kanisa baada ya ibada, watu wakimpitia mmoja mmoja. Siku moja akafika Abigael, ambaye hakuna aliyemwita Abigael. Jina lake kwa wote, wakubwa kwa wadogo, lilikuwa Mama Duke. Ndiye aliyemfundisha Masese kukariri mafungu ya Biblia alipokuwa mdogo, akimtunuku ndizi mbivu kila alipofika mwisho bila kukosea. Alikuwa mjane mwenye kicheko kikubwa kilichomtangulia njiani.

"Andika yangu," alisema, akaitaja. Kisha akasimama kidogo akirekebisha kitambaa cha kichwani. "Andika na ya Duke."

Masese aliinua macho. "Bado anatumia ileile, mama?"

"Sijui anatumia gani. Hii ndiyo niliyo nayo." Akaitaja namba nzima kwa kichwa, bila kusita. "Hata kama haji, alibatizwa hapa. Matangazo ya hapa ni yake pia."

Habari ya Duke ilijulikana kote. Alikuwa mwana pekee wa Abigael, fundi wa umeme, na alikuwa amemwoa Benta, msichana wa upande wa ziwani. Mama alikuwa amejiwekea moyoni mkamwana wa kuzungumza naye Ekegusii, lugha ya kwao, jikoni, na harusi ilipofika hakwenda. Duke alikuja kumbembeleza. Mama alimjibu akiwa amesimama mlangoni, majirani wakisikia, "Huyo mwanamke atakanyaga boma langu siku ya kunizika." Duke aliondoka akahamia Nyamira, na tangu hapo hakurudi wala kupiga simu. Mama naye hakupiga.

Lakini esaiga ya Duke, ile nyumba ndogo ya kijana iliyojengwa pembeni mwa boma alipotahiriwa, ilikuwa bado imesimama. Mama aliifagia, akaikandika sakafu kwa samadi, akaufungua mlango asubuhi ili hewa ipite na kuufunga jioni. Watu waliliona hilo. Hawakulisema mbele yake.

Programu ilipokaribia kuiva, Masese alihitaji matangazo ya mfano ya kumwonyesha Josiah. La harusi aliliandika, na la kwaya pia. La msiba likahitaji jina. Asubuhi hiyo alikuwa amepishana na Mama Duke njiani, amebeba mboga, wakasalimiana wakacheka, na jina lake ndilo lililokuwa karibu na vidole. Akaandika kwamba kanisa linasikitika kutangaza kifo cha mpendwa Abigael, Mama Duke, mwalimu wa watoto kwa miaka mingi, mwanamke wa kicheko na sala.

Okinyi alisoma akiwa amesimama nyuma yake. "Huyu ni mtu wa kweli?"

"Ni mwalimu wangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, ana nguvu kukuzidi. Ni mfano tu."

"Kwetu huwezi kumwandikia mtu hai hivyo," alisema Okinyi. "Weka Fulani wa Fulani."

"Nataka mzee aone linavyofanana na la kweli. Nitabadilisha baadaye."

Baadaye haikufika. Siku ya Jumatano alizihamisha namba zote za waumini kwenye upande wa majaribio ili azikague, na alipomaliza hakuzirudisha. Alhamisi alasiri akaketi na Josiah katika chumba kidogo kilicho nyuma ya mimbari, akamwonyesha la harusi na la kwaya yakiwa kwenye kioo tu, hayajatumwa. Josiah akasema, "Sasa hilo la msiba litume kwangu, nione linavyoingia." Masese akabonyeza.

Simu ya Josiah ililia mezani. Mzee akavaa miwani akaanza kusoma, na uso wake ukabadilika katikati ya mstari. Hapo nje dirishani simu ya dada aliyekuwa akifagia uwanja wa kanisa ikalia pia. Masese alisikia ufagio ukisimama. Kisha kutoka nyumba iliyo ng'ambo ya barabara sauti ya mwanamke ikapanda, ile sauti ndefu ambayo vijijini hakuna anayeuliza maana yake. Ikajibiwa na nyingine kutoka bondeni.

"Masese," alisema Josiah polepole, "umetuma kwangu peke yangu?"

Kijana alikuwa tayari ameiona namba kwenye kioo, ya watu mia sita na zaidi. Akaandika ujumbe wa pili, akisema kwamba lile lilikuwa kosa, Mama Duke yu mzima. Mtandao siku hiyo ulikuwa wa kusuasua, na ujumbe huo ulikaa ukizunguka hapo. Ulipoondoka, watu walikuwa wamekwisha kushika njia.

Walikimbia, mzee na kijana, wakiteremka kati ya migomba. Walipofika bomani palikuwa pamejaa. Abigael alikuwa nyuma ya jiko akimenya ndizi aliposikia kilio kikiingia kwake, na kama mwanamke yeyote wa huko, aliacha kisu akajitwika mikono kichwani, akatoka naye akilia, akiuliza ni nani, ni nani aliyefariki. Waliokuwa mbele walimwona wakanyamaza. Waliokuwa nyuma hawakumwona, wakaendelea. Kwa kitambo kidogo alikuwa akililia msiba wake mwenyewe kati ya watu waliokuja kumlilia, na hakuna aliyeweza kufungua kinywa kumwambia.

Aliyemwambia ni Masese. Alipiga magoti kwenye maganda ya ndizi akamweleza yote, jina, mfano, kitufe. Abigael alimsikiliza. Akatazama umati, akatazama kuni ambazo mtu alikwisha kuziangusha kando ya jiko na sufuria kubwa ya kanisa iliyofika kichwani mwa jirani. Kisha kicheko kile kikaja, ingawa machozi yalikuwa hayajakauka.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Watu wengi husemwa vizuri wakiwa hawasikii. Mimi nimesikia. Haya, maadamu sufuria imekuja, pikeni chai."

Wazee wengine hawakucheka. Mmoja alisema wazi kwamba kumtangazia mtu kifo ni kumwonyesha kifo njia, na Josiah alilazimika kusali papo hapo. Lakini chai ilipikwa. Masese, kwa kuona haya kukaa kati ya watu, alikwenda kusimama langoni ili awarudishe wale waliokuwa bado wanakuja. Alisimama hapo muda mrefu, akirudia maneno yaleyale, akipokea laana na shukrani kwa zamu.

Karibu wa mwisho alikuwa mwanamke aliyeteremka kwenye bodaboda na mfuko mkubwa wa nguo za mitumba, kitenge amejifunga vibaya kama mtu aliyejifunga akiwa safarini. Macho yalikuwa mekundu. Hakuzungumza Ekegusii, alimuuliza kwa Kiswahili, "Hapa ndipo kwa Mama Duke? Ni kweli?"

"Hapana, si kweli. Ni makosa. Yuko hai, yule pale anagawa vikombe."

Mwanamke alishika mlingoti wa lango. Alimtazama Abigael kwa mbali kwa muda, na Masese akamkaribisha aingie anywe chai. Alitikisa kichwa. Akasema, "Nashukuru Mungu," akageuka, na alipokuwa akirudi barabarani simu ilikuwa sikioni. Masese alidhani ni mchuuzi wa soko la Daraja Mbili mjini Kisii, mmoja wa wale waliokuwa wakimuuzia Mama Duke nguo. Walikuwa wamepita wengi siku hiyo. Hakumfikiria tena.

Jua lilipoanza kuelemea upande wa mlima watu walitawanyika. Masese alibaki akikusanya vikombe. Abigael alikuja akaketi kwenye kigoda karibu naye, amechoka sasa, kicheko kimekwisha.

"Hiyo mashine yako," alisema, "inajua nani amepata ujumbe?"

"Inajua, mama. Inajua hata nani ameufungua akausoma."

Alisema hivyo akiwa na nafuu moyoni. Alasiri nzima alikuwa amekosea mbele ya watu. Hatimaye kulikuwa na kitu ambacho kazi yake ilikiweza.

"Kila mtu?"

"Kila mtu mwenye simu ya intaneti."

Abigael alikisogeza kikombe kimoja kwa kidole cha mguu. "Duke?"

Masese akatoa simu, akatafuta. Jina lilikuwepo. "Aliusoma," alisema. "Punde tu ulipotumwa. Alikuwa mmoja wa wale wa kwanza."

"Na ule wa pili? Wa kusema niko hai?"

"Huo pia aliufungua. Lakini baadaye sana."

Abigael alitazama bonde. Nyamira si mbali. Mtu akishika gari anafika kabla chai haijapoa. "Kwa hiyo alikaa na kifo changu muda huo wote," alisema, "na hakuja." Masese ndipo alipoona alichokifanya, au alianza kukiona. Akatafuta neno la kuongeza. Labda alikuwa kazini, alisema, labda hakuwa na gari. Abigael alimgusa bega. "Asante, mwanangu. Umenijibu nilichouliza." Akainama akaokota vikombe vilivyobaki.

Wiki iliyofuata alituma watu waite vijana wa kanisa. Alitaka esaiga ibomolewe. Hakutoa sababu, na katika hali hiyo hakuna kijana ambaye angeuliza. Masese alikuwa wa kwanza kufika, na nyundo ya baba yake. Alifurahi kupata njia ya kumtumikia baada ya aibu ile. Alipanda juu ya paa, akang'oa misumari mmoja mmoja kwa uangalifu ili mabati yasitoboke zaidi, akayateremsha kwa wenzake. Ndani palikuwa na kitanda cha mbao, kalenda ya zamani ukutani, na sakafu iliyokandikwa upya, bado ina michirizi ya vidole. Aliiona michirizi ile kutoka juu, jua lilipoingia. Ilimkaa machoni, lakini aliendelea kung'oa. Jioni kuta za udongo zilikuwa chini, na Abigael alisema mabati yatafaa kwa kuku.

"Na kuanzia leo," aliwaambia wakati wa kuwapa uji, bila kupandisha sauti, "mniite Abigael. Nina jina langu."

Walidhani ni mzaha. Baadaye wakaona kwamba anayemwita Mama Duke hamwitikii. Aliendelea kuja kanisani, ila watoto alimwachia mtu mwingine awafundishe.

Miezi ilipita. Programu ilitumika, Masese aliiondoa ile sehemu ya mifano, akatenganisha majaribio na kazi halisi kama Okinyi alivyomwelekeza, na watu wakaanza kuisifu. Misiba ya kweli ilitangazwa, mazikoni watu wakajaa. Josiah alimwombea mbele ya kanisa. Masese aliinamisha kichwa, akijiambia kwamba funzo amelipata: usijaribu kitu kwa majina ya watu wa kweli. Alidhani funzo ni hilo tu.

Ndipo akapata kazi ya siku chache Nyamira, kumsaidia mwenye duka la dawa. Kulikuwa na baridi na mvua, akaingia sokoni kutafuta koti la mtumba. Mwanamke mwenye kibanda alimpimisha moja, akarudi nyuma kumwangalia, kisha akamwangalia usoni.

"Wewe ni yule kijana wa langoni," alisema. "Kule Mosocho."

Masese alimkumbuka kwa sauti kabla ya sura. "Ulikuja na bodaboda."

"Nilikuwa Daraja Mbili kuchukua mzigo. Duke alinipigia simu." Alipoona kijana haelewi, aliongeza, "Mimi ni Benta. Mke wa Duke."

Koti lilikuwa bado mabegani mwake. Hakulivua wala hakulifunga. Benta alimsimulia bila haraka, akikunja nguo. Duke alikuwa juu ya ngazi kwenye jengo fulani alipousoma ule ujumbe. Mafundi wenzake walimshusha. Alimpigia mkewe akilia kiasi kwamba Benta hakumwelewa mwanzoni. Alitaka kuja na aliogopa kuja. Maneno ya mama yake juu ya siku ya kuzikwa yalikuwa yamemkaa, na sasa siku yenyewe ilikuwa imefika na yeye hajaomba radhi. Akamwomba Benta, kwa kuwa yuko karibu, atangulie aone kama watapokelewa, naye atafuata nyuma.

"Nikapanda bodaboda na mzigo wangu. Nilikuwa naingia kumlilia mama ambaye hajawahi kunisalimia. Halafu ukaniambia yuko hai. Nikampigia Duke, alikuwa stendi tayari. Nikamwambia mama yako anagawa chai. Akacheka na kulia." Alinyoosha mkono wa shati. "Ningeingia. Lakini alikuwa amesema nitakanyaga boma lake siku ya kumzika. Kama hajafa, nitaingiaje?"

Masese alimweleza basi. Kwamba tangazo lile alikuwa ameliandika yeye, na kwamba jioni yake mama aliuliza kama Duke amesoma, naye akamjibu. Alimweleza na habari ya esaiga, na nani aliyekuwa juu ya paa.

Benta aliacha kukunja.

"Kwa nini ulimwambia?"

"Aliniuliza."

"Ungesema hujui."

"Lakini nilikuwa najua."

"Hukujua," alisema Benta. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemrekebishia mwenzake hesabu. "Ulijua simu imefunguliwa. Duke hukumjua."

Masese alirudi Mosocho siku hiyohiyo, kazi ya watu ameiacha nusu. Hakusimama mjini. Alimkuta Abigael akipalilia, akamweleza yote akiwa amesimama kati ya mistari ya mahindi, na hakujipunguzia chochote. Mwanamke alisikiliza akiegemea jembe.

"Alifika mpaka wapi?" aliuliza.

"Langoni. Alishika mlingoti."

"Akaniona?"

"Alikutazama muda mrefu."

"Nawe ulimwona, hukuniambia."

"Sikumjua, mama. Nilidhani ni mchuuzi."

"Ulikuwa na mambo mawili ya kuniambia jioni ile," alisema Abigael. "Lile la kweli lilikuwa limesimama langoni." Akaendelea kupalilia. Alipofika mwisho wa mstari aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu mzee kuliko ule wa mwanzo wa mstari. "Sikulaumu sana. Mimi ndiye niliyemfukuza. Wewe ulinipa tu kitu cha kushika nilipotaka kushika kitu. Na nyumba ya mwanangu nimeivunja kwa mdomo wangu, kama nilivyouvunja moyo wake siku ile mlangoni." Kisha akasema, "Hebu nipigie hiyo namba." Na Masese alipotoa simu, akabadili nia. "Hapana. Niletee simu yangu iliyo jikoni. Naikumbuka."

Walikuja Jumapili moja ya Desemba, Duke na Benta na binti yao wa miaka mitano. Masese aliitwa, akaja kwa miguu mizito. Hapakuwa na kilio wala kukumbatiana kwa kuonyesha watu. Abigael alimpa Benta mkono, akaushika wake muda mrefu, akamwambia kwa Kiswahili chake cha shule, "Karibu ndani. Sijafa, lakini karibu." Benta akaingia. Mtoto alizungumza na nyanya yake kwa Kiswahili, nyanya akamjibu kwa Kiswahili, wote wawili wakitafuta maneno, na ndivyo mazungumzo ya siku hiyo yalivyokwenda, ya adabu, yenye mapengo.

Duke alikuwa mtu mkimya, mwenye mvi za mapema. Alimuuliza Masese, wakiwa wamebaki wawili nje, "Lile tangazo uliliandika wewe?"

"Ndiyo. Nisamehe, kaka."

"Ulimweleza vizuri," alisema Duke. "Nilipolisoma nilisema, huyu aliyeandika alikuwa karibu naye kuliko mimi."

Alitembea hadi pembeni mwa boma akiwa na begi lake bado begani. Mahali pa esaiga palikuwa pamelimwa, mboga ya chinsaga imeota nzito. Alizunguka mara moja, akitazama chini, kama anayetafuta ulipokuwa mlango.

"Nani aliibomoa?" aliuliza alipoingia.

Masese alifungua kinywa. Abigael akamtangulia. "Mimi," alisema, akamwongezea Masese chai ambayo hakuwa ameomba.

Jua liliposogea Duke alisimama kuaga. Mama alisema walale, hata kama ni kujibanabana. Lakini mwana aliyeoa halali katika nyumba ya mama yake, hilo wote walilijua, na mahali pengine hapakuwepo. "Utajenga nyingine," alisema Abigael. "Kiwanja ni chako." Duke alitazama mkewe, akatazama kilima. "Tutaona, mama," alijibu.

Hadi leo hajajenga. Huja mara chache kwa mwaka na familia yake, wanakula, wanazungumza, na kabla ya giza wanarudi Nyamira. Abigael huwasindikiza hadi barabarani, na siku hizo akiitwa Mama Duke njiani huitikia. Masese akimwona akirudi peke yake hutoka nje akamsalimia, wakaenda pamoja hatua chache bila kusema mengi.